Mjadala: Nodi iliyokaa kimya tuiondoe kwenye orodha, au tuiache?

Mleta mada

Habari zenu wadau. Jambo hili limenikaa kifuani wiki nzima. Naomba tulijadili hadharani, kwa sababu uamuzi wowote utamgusa kila aliyemo kwenye mtandao wetu, si mimi peke yangu ninayeendesha habu.

Kwa mgeni anayesoma: mtandao wetu unasafirisha ujumbe kati ya BBS, yaani kompyuta ambazo watu huziingia kusoma na kuandikiana. Kila BBS kwenye mtandao inaitwa nodi na ina namba yake. Mtu anaingia kwenye BBS moja, anaandika kwenye jamvi, anatoka. Baadaye ile kompyuta inafungasha alichoandika na kukipeleka kwenye habu, kompyuta ya katikati, na habu inagawa nakala kwa BBS nyingine zote. Baadhi ya wenzetu bado wanatumia mashine zenyewe za zamani, Commodore 64, Amiga, PC za DOS. Wengine wameweka programu za BBS kama Mystic au Synchronet kwenye kompyuta ya leo. Barua haijui tofauti.

Juzi nilikuwa nahamishia habu kwenye mashine nyingine, nikafungua saraka ya mizigo inayosubiri wenyewe. Nikakutana na faili 00010076.flo. Namba hizo zina maana: 0001 ni neti 1, yaani kundi la nodi, na 0076 ni nodi 118, zimeandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16. Ndani yake kuna orodha ya mafurushi ya nodi hiyo, kila furushi likiishia na siku lilipofungwa: .mo0 la Jumatatu, .tu0 la Jumanne, .we0 la Jumatano, kisha .mo1, .tu1, na kuendelea. Miezi 11 ya mazungumzo yetu imefungwa vizuri na hakuna aliyekuja kuichukua. Nilipopekua nikakuta nodi 14 za namna hiyo kati ya 61.

Nafasi kwenye diski si tatizo, maandishi ni mepesi. Kilichoniuma ni netimeili moja, yaani barua ya mtu kwa mtu, iliyokuwa imelala humo humo. Mwanachama mpya alimwandikia mwenye nodi 118 kumwuliza jinsi ya kurekebisha kichwa cha diski draivu ya 1541 ya Commodore kilichohama mahali pake, kwa kuwa alisoma jamvini kwamba yule bwana ni fundi wa mambo hayo. Baada ya wiki tatu akaandika kwenye jamvi la wageni: "Naona huku watu hawajibu." Hajaonekana tena. Orodha yetu ndiyo iliyomwambia kwamba nodi 118 ipo.

Pendekezo langu ni hili. Nodi ikikaa kimya siku 60, iwekewe alama ya Hold. Ikifika siku 180, iwe Down. Ikitimiza mwaka, itoke. Alama hizo sikuzibuni mimi, zimo kwenye muundo wa orodha ya nodi ya FidoNet, mtandao mkongwe wa BBS, tangu zamani. Hold maana yake nodi imesimama kwa muda, barua yake inaweza kwenda kwa msimamizi imsubiri. Down maana yake haifanyi kazi, usiitumie kitu.

Na ziliwekwa kwa sababu nzito. FidoNet ilianza mwaka 1984 kwa mashine mbili, ya Tom Jennings pale San Francisco na ya John Madill pale Baltimore, zikipigiana simu usiku kwa sababu usiku simu za mbali zilikuwa nafuu. Katika mtandao wa aina ile, namba iliyokosewa kwenye orodha ilikuwa na maana kwamba mashine itapiga simu nyumbani kwa mtu asiyehusika, saa nane za usiku. Anaamka, anainua mkono wa simu, anakutana na ukimya au mlio wa modemu, anakata, na mashine inapiga tena kwa sababu ndivyo ilivyoagizwa. Ndiyo maana anayeomba kujiunga alitakiwa atume ombi lake kwa netimeili kutoka kwenye mfumo wake mwenyewe: barua ikifika, imethibitika kwamba mtambo unafanya kazi. Ndiyo maana pia orodha ilitoka upya kila wiki. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imepita nodi 30,000, na bado ilitoka kila wiki. Watu wale waliona kwamba orodha ndiyo mtandao wenyewe. Kama orodha inasema uongo, hakuna programu itakayoweza kuurekebisha.

Nawasilisha. Nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, kazi yako tunaiona na tunakushukuru, lakini hapa naomba nitofautiane nawe moja kwa moja.

Historia uliyoleta ni ya kweli, ila inakupinga mwenyewe. Sababu ya kusafisha orodha ilikuwa simu: gharama, na usingizi wa watu. Leo mashine zetu zinakutana kupitia intaneti kwa binkp, utaratibu wa programu kupeana mizigo. Nodi isipojibu, programu inasubiri sekunde chache, inaandika kwenye logi, inaendelea na safari. Hakuna aliyeamshwa. Sababu imekwisha, ninyi mnataka kuishika adhabu.

Pili, hebu fikiria ni watu gani wanaonyamaza. Mashine yangu ni Commodore 64 halisi. Wanaozijua wanajua ile adapta yake ya umeme: ikizeeka inaweza kupandisha volti na kuunguza chipu za kumbukumbu. Yangu ilifanya hivyo. Kupata chipu, kusubiri zifike, kutoa zilizoungua moja moja kwa chuma cha kulehemu bila kung'oa njia za shaba kwenye bodi, ilinichukua miezi saba, na katikati hapo niliuguza mzazi. Kwa kanuni yako ningerudi nikakuta jina langu limeandikwa Down, sawa na mtu aliyekimbia. Ningejiuliza kama kuna haja ya kurudi.

Kanuni za FidoNet za mwaka 1989, zile zinazoitwa Policy4, kiini chake ni mambo mawili: usiwaudhi wenzako kupita kiasi, na usiwe mwepesi wa kuudhika. Nodi iliyonyamaza haijamuudhi mtu. Na nikuulize swali dogo: huyu mwenye nodi 118, umemtafuta?

Mchangiaji wa pili

Mimi siko upande wowote bado, nataka tu kujua "kimya" tutakipima vipi. Kama mtaandika programu ya kugonga poti 24554, mlango wa binkp, ya kila nodi na kuihesabu mfu isipofungua, mtazika watu walio hai. Nodi yangu haipokei miunganisho kutoka nje kabisa, mtoa huduma wangu wa intaneti haruhusu. Kila baada ya saa mbili naipigia habu mimi, nachukua mizigo, naacha yangu, naondoka. Kwa nje naonekana kaburi.

Angalieni kikao cha mwisho kilichokamilika kwenye logi ya habu. Hicho hakidanganyi. Na mtu asihesabiwe kimya eti hajaandika jamvini. Kuna wanaosoma tu, na kusoma ni haki yao.

Mleta mada

Dada hapo juu, hoja yako naipokea yote bila kupunguza neno. Nitapekua logi upya kabla sijagusa nodi hata moja.

Kwako mchangiaji wa kwanza: pole sana kwa yaliyokupata. Nimesoma ulivyoandika mara mbili, na nakiri neno Down linauma nikiliangalia kwa macho yako. Lakini hoja yangu haikuwa gharama ya simu. Ni kwamba kuna mtu upande wa pili wa barua. Sekunde chache za programu si kitu, ila wiki tatu za yule mgeni zilikuwa kitu.

Nadhani kosa la pendekezo langu ni kuchanganya mizigo ya aina mbili. Ekomeili, yaani mazungumzo ya majamvi, ina nakala kila mahali. Nodi ikinyamaza tunaweza kuisimamishia majamvi, sawasawa na vile mwenyewe angeiandikia AreaFix, programu ya habu inayopokea maombi ya majamvi, neno %PAUSE kabla ya kusafiri, na akirudi akaomba %RESUME na kupewa upya ujumbe wa nyuma kadiri anavyotaka. Hapotezi chochote. Netimeili ni tofauti. Nakala ni moja na inamngoja mtu mmoja. Hiyo isifutwe kamwe, na aliyeiandika aambiwe siku hiyo hiyo: barua yako imefika kwenye habu, mwenyewe hajaonekana tangu tarehe fulani, tunaitunza. Kama yule mgeni angepata mistari hiyo miwili, angeuliza swali lake jamvini na kuna watu wasiopungua watano wangemjibu.

Namba za nodi zisigawiwe upya kwa mwingine. Hilo halikuwemo kwenye pendekezo, nalitia sasa. Ujumbe wa zamani una anwani ya mwandishi kwenye mstari wake wa chini, na ni vibaya anwani hiyo ije kumwelekeza msomaji kwa mtu mwingine.

Swali lako la mwisho: hapana, sijamtafuta. Leo usiku namwandikia kwa barua pepe ya kawaida.

Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono kuondoa nodi, kwa sharti kwamba orodha za kila wiki zitunzwe zote. Kwenye FidoNet, Kanda ya 5 ilikuwa ya Afrika. Teknolojia hiyo ndiyo iliyokiwezesha Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kupata barua pepe za dunia mwishoni mwa miaka ya 1980, kupitia mtambo uliokuwa nyumbani kwa Randy Bush huko Portland, Oregon. Anayefungua orodha za zamani anaiona kanda nzima, mstari kwa mstari. Kuondolewa kwenye orodha ya wiki hii si kufutwa, ilimradi ya wiki iliyopita ipo.

Ila jamani, mnajadili nodi 14 na mnaiacha nodi moja inayotisha kuliko zote. Habu. Wote tunapita kwa mtu mmoja. Mleta mada akilazwa hospitali mwezi mmoja, maneno ya siri ya nodi 61 anayajua nani? Nani atatoa orodha Ijumaa? Tunamwekea kila mtu siku 60, tumwekee na yeye. Na msiniambie habu mbili zitaleta ujumbe kujirudia. Kila ujumbe una mistari ya SEEN-BY na PATH inayoonyesha umepita wapi, na namba yake ya MSGID. Programu inayoisoma vizuri inajua kilichokwisha kupita. Mizunguko hutokea pale watu wanapounganisha ovyo bila kuambiana.

Mchangiaji wa kwanza

Hili la habu naliunga mkono kwa mikono miwili. Na la kutenganisha mizigo pia, limenilegeza. Bado neno Down silitaki. Hold inatosha, hata kwa miaka mitatu.

Mleta mada

Nimekaa kimya siku nne na nina sababu.

Nilifanya kama nilivyoshauriwa, nikapekua logi badala ya kuangalia tarehe za mafurushi. Nodi 118 haikunyamaza. Miezi 11 iliyopita ilipiga habu usiku baada ya usiku, siku tisa mfululizo, saa ile ile, na kila mara habu yangu iliandika mstari mmoja: neno la siri halilingani, kikao kimekatwa. Siku ya kumi haikupiga tena. Mistari ile tisa ilikuwa kwenye mashine yangu muda wote huo. Sikuisoma, kwa sababu hakuna kilichonilazimisha kuisoma.

Mwenyewe amenijibu barua pepe jana. Diski yake ilikufa, akaiweka BBS upya kutoka kwenye nakala ya zamani, na nakala hiyo ilikuwa na neno la siri la kabla hatujayabadilisha yote. Alipoona anakataliwa kila usiku alidhani tumemwondoa. Hakutaka kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo pendekezo limebadilika, nalileta upya. Kikao kilichokataliwa hakihesabiwi kimya: habu itanipa taarifa ya kila nodi iliyokataliwa usiku mbili mfululizo, na nitamtafuta mwenyewe asubuhi. Hakuna nodi itakayowekewa Hold kabla mwenyewe hajaandikiwa kwa njia iliyo nje ya mtandao wetu. Down naiondoa, mchangiaji wa kwanza ameshinda hapo, ila anayeandikia nodi ya Hold atajulishwa hapo hapo. Kuhusu kutoka kabisa baada ya mwaka sijashawishika kuacha, tulipigie kura. Maneno ya siri na maelekezo ya kutoa orodha nimeyafunga kwenye faili moja na kumkabidhi mwenzetu aliyekubali kuwa habu ya pili. Kesho tunajaribu kuzima yangu kwa makusudi kwa muda wa saa sita, tuone kama barua zitapita kwake.

Nodi zile 13 nyingine bado sijazimaliza. Nne kati yake nazo zina mistari ya kukataliwa.

Nodi 118 imeingia jana saa tano usiku. Nilikaa mbele ya skrini nikiangalia mafurushi yanavyotoka moja baada ya jingine, .mo0 la mwaka jana likiwa la kwanza, na netimeili ya yule mgeni ikiwa katikati.