Wiki ya baridi na mvua za vipindi majira ya kuchipua: nifunike lini, nipande lini?

MlimaBonde

Wakuu salamu. Niko bara, mbali na bahari, kwenye bonde lenye miinuko midogo pembeni. Joto lilishaanza kupanda vizuri, matufaha na micheri imechanua, kisha utabiri umegeuka. Wiki nzima mchana ni nyuzi 9 hadi 13, usiku 2 hadi 4, upepo wa mara kwa mara, mvua za vipindi, na kwa siku kadhaa wameandika mvua ya mawe. Programu ya simu inabadilisha maelezo kila nikiifungua.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Kwa nini asubuhi jua linawaka, saa nane mchana inanyesha mvua yenye chembe za barafu, saa kumi jua tena? Je, nyuzi 3 usiku ni salama kwa maua ya miti na miche ya nyanya niliyokwisha kuitoa nje? Na mahindi na maharage yalikuwa yapandwe wiki hii: nipande au ningoje?

Kanieneo

Mkuu, hizo ni dalili za donge la hewa baridi lililokwama juu angani. Upepo mkali wa anga za juu kwa kawaida hukimbia kutoka magharibi kwenda mashariki na kuburuta mifumo ya mvua. Majira ya kuchipua mkondo huo hujikunja sana, na pengine kipande cha hewa baridi hukatika kikabaki pembeni kikijizungusha. Hakuna kinachokisukuma, kwa hiyo kinaweza kukaa karibu palepale siku kadhaa, hata wiki.

Tazama namba. Kwenye kimo cha kilomita 5.5 hivi, hewa hiyo huwa na nyuzi 25 hadi 30 chini ya sifuri. Huku chini jua la msimu huu lina nguvu, na udongo wa bara hauna bahari ya kuutuliza, kwa hiyo unapata joto haraka. Hewa kavu inayopanda hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Ikishaanza kufanya wingu hupoa polepole zaidi, nyuzi 6 au 7 kwa kilomita, kwa sababu mvuke unapogeuka matone huachia joto. Hivyo hubaki na joto kuliko hewa inayoizunguka na huendelea kupaa. Ndiyo maana mawingu madogo huanza kuonekana asubuhi jua likishapanda, yanarefuka kufikia mchana, yanamwaga mvua kwa dakika 15 hadi 40, kisha linakuja jingine. Jua likishuka, ardhi haichemshi tena hewa na mawingu mengi hufa yenyewe.

Zile chembe nyeupe za milimita 2 hadi 5 zinazopasuka ukizibana kwa kidole si mvua ya mawe hasa. Ni vipande vya theluji vilivyogandiwa na matone yaliyokuwa bado maji ingawa yako chini ya sifuri. Zinafika ardhini kwa sababu hewa ya nyuzi sifuri iko chini sana wiki kama hii, mara nyingi kwenye kimo cha kilomita 1 hadi 1.5. Mvua ya mawe ya kweli ni ngumu na ina matabaka ya barafu. Kipindi kimoja kizito kinaweza kushusha joto nyuzi 5 kwa dakika chache, kwa kuwa barafu inayoyeyuka na matone yanayokauka hunyonya joto la hewa. Ukisikia ngurumo, ingia ndani. Mawingu haya ni mafupi lakini radi yake ni radi kamili.

Kuhusu simu kubadilika: kompyuta za utabiri zinaweza kujua kwamba alasiri itakuwa na mvua za vipindi, ila haziwezi kujua wingu lipi litapita juu ya shamba lako saa ngapi. Alama ya mvua ya saa tisa kamili usiijengee ratiba. Soma asilimia ya uwezekano kwa siku nzima, halafu saa moja au mbili kabla ya kazi angalia picha za rada uone vipindi vinaelekea wapi. Na donge likikatika hivi, hata siku ya kuondoka kwake hubadilika kutoka utabiri mmoja hadi mwingine.

ShinaNaTawi

Nijibu la maua. Siku za mawingu, upepo na mvua zinatisha kwa macho tu. Wingu hurudisha joto la ardhi, na upepo huchanganya hewa, basi nyuzi 3 zilizoandikwa zitakuwa nyuzi 3 kweli. Usiku wa kuogopa ni ule mvua zinapokatika: mbingu inafunguka, upepo unatulia, na hewa iliyobaki ni kavu na baridi. Hapo ndipo jalidi, yaani baridi ya kugandisha, hushuka, na mara nyingi huwa mwishoni mwa wiki kama hii, watu wakishafurahi kwamba hali imetengemaa.

Kumbuka kipimajoto cha utabiri huwekwa mita 1.5 hadi 2 juu ya ardhi. Usiku usio na mawingu wala upepo, majani yaliyo karibu na udongo yanaweza kuwa chini ya hapo kwa nyuzi 2 hadi 4. Na wewe uko bondeni. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kutoka miinuko usiku na kutuama kwako. Nyuzi 3 za simu zinaweza kuwa moja chini ya sifuri kwenye miche yako.

Mtufaha uliochanua kabisa hupoteza karibu asilimia 10 ya maua ukikaa nusu saa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, na karibu asilimia 90 kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri. Mcheri hauko mbali na hapo. Chipukizi lililofungwa bado linaloonyesha kijani kidogo tu huvumilia hadi nyuzi 8 chini ya sifuri kwa hasara ileile ya asilimia 10, kwa hiyo hatua ya ua ndiyo inayoamua. Asilimia 10 si msiba, mti wenye maua mengi hupunguzwa matunda hata hivyo. Ukitaka kujua kilichotokea, subiri mpaka mchana, pasua maua kadhaa kutoka matawi ya chini na ya juu. Kitovu cha kijani kimepona; cha kahawia au cheusi kimekufa, hata kama petali bado nyeupe.

Jambo ambalo halizungumzwi: chini ya nyuzi 10 hadi 12 nyuki wa asali hawatoki kwa wingi, na mvua huwazuia kabisa. Matunda machache mwaka huu yanaweza kuwa ya nyuki kukaa ndani, bila jalidi yoyote.

MotoWaMajani

Usiku huo washa majani mabichi pembeni mwa bustani, moshi utafunika kama wingu.

ShinaNaTawi

Hapana ndugu. Chembe za moshi ni ndogo mno kuzuia joto linalotoka ardhini. Matone ya wingu yanalizuia, moshi unalipitisha. Kinachosaidia ni joto la moto lenyewe, na hilo hupatikana kwa mioto midogo mingi iliyotawanywa. Moto mmoja mkubwa hupaisha hewa moto moja kwa moja juu na kuvuta hewa baridi kutoka pembeni.

MlimaBonde

Nimeelewa. Basi nifunike kwa nailoni? Na kumwagia maji je, nimesikia inaokoa maua.

KitaluKizuri

Nailoni inayogusa jani hupitisha baridi pale inapogusa, na jani litaungua hapohapo. Ukiwa nayo tu, isimamishe juu ya fito. Bora kitambaa chepesi cha kufunikia miche: cha gramu 17 kwa mita ya mraba hukupa nyuzi 1 hadi 2, cha gramu 30 hufika 2 hadi 3. Funika alasiri udongo ukiwa bado na joto, maana joto unalolinda linatoka chini. Kingo zifike ardhini na uzibane kwa udongo au mawe. Udongo ukiwa mkavu umwagilie mchana, kwani udongo wenye maji hutunza joto zaidi kuliko mkavu uliotifuliwa. Nyanya, hata zikipona jalidi, hudumaa zikikaa siku nyingi chini ya nyuzi 10. Kama ziko kwenye vyungu, zirudishe ndani wiki hii.

Kunyunyiza maji juu ya miti kunafanya kazi kwa sababu kila kilo ya maji inayoganda hutoa kilojuli 334. Lakini kilo inayokauka hunyonya takriban 2,500. Ukianza kisha maji yakakatika, au kukiwa na upepo na hewa kavu, unapoza maua kuliko ungeyaacha. Inahitaji milimita 2.5 hadi 4 kwa saa, bila kusita, mpaka barafu iyeyuke yenyewe asubuhi. Bila pampu ya kuaminika usianze.

Mbegu: pima udongo sentimita 5 chini, saa mbili asubuhi, siku tatu mfululizo. Mahindi yanataka angalau nyuzi 10, maharage 15. Njegere zinaota hata kwenye 5, panda hizo. Hatari kubwa ni saa 24 hadi 48 za kwanza. Mbegu ya harage ikinywa maji baridi ngozi za seli hupasuka, na hata joto likirudi inaoza au inatoa mche kilema. Kwa hiyo usipande ikiwa mvua baridi inatarajiwa siku inayofuata. Finyanga udongo mkononi pia; ukibaki donge linalong'aa, usiukanyage wala kuulima.

MlimaBonde

Sawa wakuu, shukrani. Jioni nitaangalia nini ili nijue usiku huo ndio wenyewe?

Kanieneo

Saa kumi na moja jioni angalia kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji. Programu nyingi zinakionyesha. Kikiwa nyuzi 4 au zaidi, umande utashika na kuachia joto, au ukungu utaingia, na mara nyingi uko salama. Kikiwa sifuri au chini, mbingu ikiwa haina mawingu na kanieneo (mgandamizo wa hewa) likipanda huku upepo ukifa, funika. Weka kipimajoto kingine kimo cha miche, sehemu ya chini kabisa ya bonde, kisome saa nne usiku. Kikiwa nyuzi 2 saa hiyo na mbingu bado wazi, tarajia kuvuka sifuri kabla ya kucha. Baridi kubwa kabisa huja karibu na macheo au muda mfupi baada yake, kwa hiyo jua likichomoza usifunue bado. Ngoja kipimajoto hicho cha chini kifike nyuzi 3.