Naomba ushauri: nina dakika 10 za kuhutubia wavuvi na wakaushaji dagaa mwaloni, nisemeje wanielewe?

Katibu_Mpya

Wakuu, heshima kwenu. Ni katibu wa BMU (kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi ufukweni), mwalo mmoja (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) huku Ilemela, Mwanza. Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo na nimepewa dakika 10. Watakuwepo watu kama 200: matajiri wa mitumbwi, wavuvi wao, akina mama wanaokausha dagaa na wachuuzi wanaopeleka soko la Mwaloni Kirumba. Hoja ni moja, tuache kuanika dagaa mchangani, twende kwenye vichanja (meza za miti na wavu zilizoinuliwa juu ya ardhi). Mkutano uko wazi pale ufukweni, kutakuwa na spika za kukodi na jenereta.

Nimeanza kuandika hivi:

"Ndugu mgeni rasmi, waheshimiwa viongozi wa meza kuu, itifaki imezingatiwa. Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na afya njema hata tukaweza kukusanyika mahali hapa siku ya leo. Kama wadau wa mnyororo wa thamani wa mazao ya uvuvi, hatuna budi kuweka mikakati shirikishi itakayopunguza upotevu wa mazao na kuongeza tija."

Naombeni mnisahihishe bila huruma. Nawasilisha.

Mwl_Sahihisho

Katibu, umeomba tusiwe na huruma. Sentensi tatu, na dagaa hajatajwa hata mara moja. Mama aliyeacha dagaa wake juani aje kukusikiliza atajuaje kuwa unamsema yeye?

Tuanze na maneno. "Wadau" ni nani? Wataje: wenye mitumbwi, wavuvi, wakaushaji, wachuuzi. Mtu akisikia jina la kazi yake anainua kichwa, akisikia "wadau" anaendelea na simu. "Upotevu wa mazao" ni dagaa waliooza kwa mvua au waliouzwa kwa bei ya chakula cha kuku. "Tija" ni bei. "Mnyororo wa thamani" uache ofisini.

Kipimo chepesi: chukua kila neno kwenye karatasi yako, jiulize kama limewahi kutamkwa pale mwaloni wakati watu wanagombania bei. Kama halijawahi, tafuta lililowahi. Kilo waachie wa mizani, pale watu wanahesabu ndoo, sado na gunia.

Sasa jambo ambalo wengi hawalioni. Kiswahili kinaweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, na mkazo wa sauti unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "hatutaanika mchangani". Sauti inapanda kwenye "ni", na ile "ha" inatoka mwanzoni ikiwa dhaifu kuliko zote. Upepo ukiichukua hiyo silabi moja, aliye nyuma amesikia "tutaanika mchangani". Umewaagiza kinyume! "Hatuna budi" nayo ni hivyo hivyo, ikikatwa kichwa inabaki "tuna budi", na hapo sijui mtu ataelewa nini.

Kwa hiyo kwenye spika za nje, agizo lako kuu lisibebwe na "ha" peke yake. Tumia kitenzi chenye maana ya kukataza ndani yake: "tuache kuanika mchangani", "kuanika mchangani ni marufuku". Au geuza, sema linalotakiwa: "dagaa wote kwenye kichanja".

Mtani_wa_Magu

Na kwa vile tuko Usukumani, angalia pia L na R. "Tutapiga kura" ikitoka kwa baadhi yetu inakuwa "tutapiga kula", halafu watu wanaanza kuangalia sufuria ziko wapi 😂

Naunga mkono hoja ya Mwl.

FundiSpika

Maneno yote hayo ni bure kama hawasikii, na ufukweni ndipo hotuba nyingi zinapofia. Soma vizuri.

Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na unaongezeka jua linavyopanda. Simama ziwa likiwa mgongoni kwako, upepo uwapelekee sauti. Ukisimama upande wa nchi kavu ukitazama ziwa, unapigana na upepo na utaishia kufoka. Ila kuna mtego: kama mwalo wenu umeelekea magharibi, alasiri watu watakuwa wanatazama jua moja kwa moja na wewe watakuona kivuli tu. Hapo dawa ni muda. Saa 3 au saa 4 asubuhi, jua liko nyuma yao na upepo bado ni mdogo.

Jenereta lisikae kati ya ziwa na watu, maana upepo utawaletea ngurumo yake yote. Liweke pembeni, mbali, nyuma ya banda.

Spika zikae mbele yako kidogo, kushoto na kulia, zikitazama watu. Wewe ubaki nyuma yake. Ukitembea na maiki mpaka mbele ya spika, sauti inaingia tena kwenye maiki na inapiga mluzi. Na usikishike kichwa cha maiki kama wanavyofanya wasanii, shika mpini. Kukifunika kwa kiganja nako kunaleta mluzi.

Umbali ni upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, na maiki ikae kwa mshazari kidogo. Ukiielekeza moja kwa moja, kila "p" na "b" inalipuka. Ivalishe sponji. Kama hakuna, soksi nyepesi (safi jamani) inasaidia kuzuia mvumo wa upepo.

La mwisho na la muhimu kuliko yote: mwambie mwenye muziki apunguze besi. Hao huja na mipangilio ya singeli. Kinachotofautisha neno na neno ni zile sauti nyembamba za s, t, k, f, na besi ikizidi inazifunika. Watu watasikia kwamba unaongea, lakini hawatajua unasema nini.

Katibu_Mpya

FundiSpika ubarikiwe. Je, nikiomba spika ya tatu ya honi iwekwe kule mbali kwa wale watakaobaki kwenye mitumbwi?

FundiSpika

Usiiweke. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Honi ikiwa mita 70 kutoka spika kubwa, aliye karibu nayo anakusikia mara mbili, ya pili ikichelewa kama moja ya tano ya sekunde. Kila neno linakanyaga lenzake. Waite watu wasogee.

BintiDagaa

Wakuu mmesahau siku yenyewe. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Kipindi cha giza mtumbwi unarudi asubuhi, mvuvi anataka kulala na mama anataka kuwahi jua. Mkutano wa saa 4 asubuhi siku hiyo utahudhuriwa na meza kuu peke yake. Angalia kama hiyo Jumamosi inaangukia mbalamwezi, ndipo watu wanapumzika na kushona nyavu. Kama haiangukii, sogeza tarehe. Hiyo ina faida kuliko hotuba yoyote nzuri.

Halafu, usianze na maneno. Anza na jagi.

Chukua jagi la plastiki linaloonyesha ndani, maji lita moja. Tia konzi mbili za dagaa walioanikwa mchangani. Koroga polepole ukihesabu mpaka kumi, watoe, acha maji yatulie nusu dakika. Mchanga utakaa chini kama unga wa ulezi. Jagi la pili, dagaa wa kichanja, kiasi kile kile.

Kosa litakalokunasa ni kuinua jagi juu na kusema "mnaona?" Watu 200 hawaoni. Mpe mama mmoja mkaushaji wa mstari wa mbele, mwekee maiki, mwambie aseme anachokiona. Akitamka yeye "mchanga", wenzake wanaamini kuliko ukisema wewe. Kisha jagi lipitishwe mkono kwa mkono huku unaendelea.

Fanya jaribio nyumbani kwanza, na dagaa wa mwalo huo huo. Wakiwa wamepepetwa sana mchanga unakuwa kidogo, utaaibika.

Mwl_Sahihisho

BintiDagaa ametoa utangulizi bora kuliko wangu. Naongeza namna ya kusema baada ya jagi.

Usiseme "nyinyi mnaoanika mchangani". Hapo umewatenga, na mtu aliyetengwa anatafuta jibu, hasikilizi tena. Wala usijifanye "sisi tunaoanika" kama huaniki, wanakujua. Mpe dagaa mwenyewe sentensi: "Dagaa akianikwa mchangani, mchuuzi anakung'uta, anaonja, anashusha bei. Dagaa akianikwa kwenye kichanja, upepo unapita chini na juu, anakauka pande zote, na mvua ikija turubai linafunika kichanja kizima." Hakuna aliyelaumiwa, na kila mmoja amejiona.

Takwimu: usiokote asilimia mtandaoni. Wiki hii nenda kahesabu pale pale. Ndoo ngapi zilianikwa, ngapi ziliuzwa bei kamili, ngapi zilishushwa. Sema "katika ndoo 10 za juzi, ndoo kadhaa..." ukitaja idadi uliyoiona. Na namba itamke mara mbili: "sitini, sita sifuri". Kwa mbali, "sitini" na "tisini" ni ndugu.

Mzee_wa_Nansio

Vijana mmesema vizuri. Niongeze la adabu.

Salamu iwepo, ila fupi. "Mwangaluka!" moja, waitikie, inatosha kuwaamsha. Usiendelee na Kisukuma sentensi nzima kwa sababu mialoni kuna Wakerewe, Wakara, Wajita, Wahaya, na kila asiyeelewa ataona mkutano si wake. Ukitaka kusalimia kwa dini, salimia kwa zote mbili au uache.

Mgeni rasmi mtaje mara moja kwa cheo, basi. Kumrudia "mheshimiwa" kila baada ya sentensi kunakugeuza shingo kuelekea meza kuu, na waliokuja kusikiliza wanaona kisogo.

Utani ruksa, lakini usitanie kuzama. Ziwa hili lilichukua watu kwenye MV Bukoba, Mei 1996, na kwenye MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018. Hujui aliyekaa mbele yako alimzika nani.

Kijana_wa_Igoma

Mimi nasema aandike yote asome neno kwa neno. Hivyo hakosei.

Mwl_Sahihisho

Hapana, mkuu. Akisoma, macho yako chini, sauti inaenda kwenye karatasi na mwendo unakuwa wa kasi. Akisoma kwenye simu ni balaa zaidi: jua linafuta kioo, na hapo hapo anapigiwa.

Katibu, fanya hivi. Kata karatasi ngumu ya A4 vipande vinne, kila kipande hoja moja, maneno matano au sita kwa herufi kubwa. Viandike namba, vitoboe kona na uvifunge kamba, upepo wa ziwa hauna msamaha. Sentensi ya kwanza na ya mwisho tu ndizo uzikariri neno kwa neno. Ya kwanza kwa sababu ndipo magoti yanapotetemeka, ya mwisho kwa sababu asiyejua atakapoishia huzunguka kama mtumbwi uliozimika injini.

Dakika 10 ukipewa, andaa 7. Mgeni rasmi akichelewa, mshereheshaji atakukata wewe kwanza. Weka alama kwenye kile kipande utakachokiruka ukiambiwa "fupisha". Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti, mara tatu, ukijirekodi. Kusoma kimya kimya si mazoezi, kunakupa muda wa uongo. Maneno yetu ni marefu, "hatutawaruhusu" peke yake ni silabi saba, usiige mwendo wa watangazaji wa mpira. Baada ya kila agizo nyamaza, hesabu moja, mbili. Utaona kimya ni kirefu mno. Kwao ni kifupi.

BintiDagaa

Na unywe maji ya kawaida, si soda. Ukicheua kwenye maiki hiyo ndiyo itakayokumbukwa.

FundiSpika

😂😂 Kweli kabisa. Wakati wa maswali, rudia kila swali kwenye maiki kabla ya kujibu. Anayeuliza hana maiki, walio nyuma wanasikia jibu lisilo na swali.

Katibu_Mpya

Wakuu nimeshindwa hata kuwashukuru. Tarehe nimeomba isogezwe mbele mpaka mbalamwezi, mwenyekiti amekubali. Nimefuta yote, sasa naanza hivi:

"Mwangaluka! (nanyamaza) Mgeni rasmi, karibu mwaloni. Mama wa kwanza hapo mbele, pokea jagi hili, utuambie chini yake kuna nini. (anasema) Huo mchanga ndio unaoshusha bei ya ndoo yako Kirumba."

Na mwisho: "Jumatatu saa 2 asubuhi, pale kwenye mti mkubwa, tunajenga kichanja cha kwanza. Kila kambi ilete miti 6 na kipande cha wavu chakavu. Ambaye hataleta hataanika hapo."

Mwl_Sahihisho

Mwanzo usiuguse. Mwisho una siku, saa, mahali na idadi, safi. Lakini isome tena sentensi ya mwisho kabisa. Una "ha" mbili.

Katibu_Mpya

Duh! "Ambaye ataleta ataanika hapo." Mbona hata hivyo inaeleweka?

Mwl_Sahihisho

Basi iseme hivyo: "Atakayeleta ndiye atakayeanika."

Mzee_wa_Nansio

Na huo mti mkubwa ni upi? Mialo mingine ina miwili.