Mjadala: Jina "cafer" la ndege wa Rasi libaki au liondolewe?

Mpwani wa Tanga (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikera tangu juzi, naomba tulichambue bila jazba.

Kule Rasi, kusini kabisa mwa Afrika Kusini, yupo ndege wa kahawia mwenye mkia mrefu kuliko mwili, anaishi kwenye vichaka vya maua ya protea akinyonya mbochi. Dume akiruka, upepo wa kule unaupeperusha mkia kama utepe. Kitaalamu anaitwa Promerops cafer. Aliyemwandikisha ni Linnaeus, yule Msweden aliyeanzisha utaratibu wa majina ya kisayansi, mwaka 1758, katika toleo lile lile la kitabu chake ambalo wataalamu wa wanyama wamekubaliana kwamba hesabu ya majina inaanzia hapo.

Sasa lisome neno la pili polepole. Cafer. Ndiyo, ni kafiri huyu huyu tunayemjua. Limetoka kwenye Kiarabu, likapita pwani hii yetu, Wareno wakalidaka wakasema cafre, Waholanzi na Waingereza wakalifikisha Rasi na kuwabandika watu weusi. Huko likaacha kuwa neno la dini. Likawa tusi, tena zito: mwaka 2018 mahakama moja ya Johannesburg ilimhukumu mwanamke kifungo cha jela kwa kuwarushia polisi weusi neno hilo. Ndege yeye bado analo.

Wanaolitetea husema jina la kisayansi haliguswi, litavuruga mambo. Mimi nauliza: huyu ndege ameguswa mara ngapi? Linnaeus alimtia kundi la keremkerem, wale ndege wala nyuki, akamwita Merops. Akatolewa humo. Miaka mingi vitabu vikamweka familia ya Meliphagidae, wale wanyonya mbochi wa Australia na Guinea Mpya, kisa mdomo uliopinda na ulimi wenye nyuzinyuzi za brashi. Ni sawa na kusema kila mvaa kanzu ni Mpemba. Mwaka 1974 wakatokea waliosema ni ndugu wa kwezi, halafu ikaja zamu ya ndege chozi. Vinasaba vilipofika, akapewa familia yake mwenyewe, Promeropidae, yenye spishi mbili tu, yeye na Promerops gurneyi.

Na ndugu zake wa karibu ni akina nani? Hapa ndipo niliposhtuka. Mmoja ni Modulatrix stictigula wa misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa. Mwingine ni Arcanator orostruthus, anayepatikana Usambara Mashariki, Udzungwa na Mlima Namuli kule Msumbiji. Wa tatu jenasi yake, yaani nusu ya kwanza ya jina, inaitwa Kakamega. Kakamega yenyewe, ya Kenya! Ni vindege vya kivulini, vinachakura majani makavu chini ya miti, wala havina habari na maua. Ukiviona hutaota kwamba vina binamu mwenye mkia wa utepe kwenye protea.

Angalia basi jina lake kamili linavyoandikwa: Promerops cafer (Linnaeus, 1758). Mabano hayo si pambo. Yanamaanisha mwandishi wa kwanza alimweka jenasi nyingine, akahamishwa baadaye. Ni muhuri wa uhamisho. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya jina imebadilishwa, familia imebadilishwa zaidi ya mara moja, na sayansi haikufa. Neno moja tu ndilo limepigiliwa misumari, nalo ndilo lenye tusi. Nielewesheni.

Mwl. Baiolojia

Mkuu, umeandika vizuri lakini umechanganya vitu viwili. Kuainisha ni kutoa hoja kuhusu undugu. Ushahidi ukibadilika, hoja inabadilika. Mfano mzuri ni wale ndege moho wa Hawaii. Mpaka 2008 walihesabiwa kuwa wanyonya mbochi wa Australia, vinasaba vya vielelezo vya makumbusho vikaonyesha si ndugu kabisa, wakapewa familia yao, Mohoidae. Tena walipewa wakiwa wameshatoweka wote, wa mwisho sauti yake ilisikika kisiwa cha Kauai mwaka 1987.

Neno la pili ni kitu kingine. Ile ni lebo. Halidai kusema ukweli wowote. Kanuni ya majina ya wanyama, Kifungu cha 18, inasema wazi kwamba jina halikataliwi kwa kuwa halifai. Ndege shore wa India anaitwa Pycnonotus cafer tangu 1766 kwa sababu Linnaeus alidhani katoka Rasi, na hajawahi kuwa ndege wa Rasi. Ni uongo mtupu wa jiografia na limeachwa libaki, maana ukimtafuta ndege huyo kwenye maandishi ya miaka mia mbili na ushee, hilo ndilo linalokufikisha kwake. Mwaka 2023 Tume ya Kimataifa ya majina ya wanyama ilitoa msimamo wake: haitabadilisha majina kwa sababu za kimaadili. Jina jipya, sawa, mwandishi anaaswa asitunge linaloudhi. La zamani linabaki.

Mkulima wa Miche

Mwalimu, wenzenu wa mimea wamewapita. Julai 2024 kwenye kongamano lao Madrid walipiga kura, 351 kwa 205, kwamba majina ya mimea yenye caffra na jamaa zake yasomeke affra, yaani wa Afrika. Spishi zaidi ya 200. Waliopeleka hoja ni wataalamu wawili wa chuo kikuu cha huko huko Afrika Kusini. Erythrina caffra, ule mti wa maua mekundu, unakuwa Erythrina affra. Hawakutunga jina jipya, wametoa herufi moja tu. Mtu akitafuta kwenye orodha ya zamani ataupata bila kutoa jasho.

Mwl. Baiolojia

Nalijua hilo. Ila waliopiga kura 205 za hapana nao si wajinga. Leo ni hili, kesho ni majina ya magavana, keshokutwa ni ya wamisionari. Wamarekani wa chama cha ndege walipoamua Novemba 2023 kuondoa majina ya watu, walijifunga kwenye majina ya Kiingereza tu. Ya Kilatini hawakuyagusa.

Ustadh wa Lamu

Mpwani, nakuunga mkono nusu. Umesema neno "likapita pwani hii" kama vile lilipita likiwa ndani ya buti la gari, hakuna aliyelishika. Wareno walilikuta vinywani mwa watu. Nani alikuwa akiwaonyesha watu wa bara kwa kidole na kusema wale makafiri? Ni babu zetu, wangu mmojawapo. Kwetu lilibaki neno la dini, na hadi leo mtu analitamka darasani bila nia ya kumtukana mtu kwa rangi. Lakini tusijifanye tumelisikia kwa Linnaeus.

Mpwani wa Tanga

Ustadh, umenishika. Nakubali, nililipitisha haraka makusudi.

Kijana wa Mbagala

Sasa mnagombania Kilatini, je Kiswahili chake nani anakijua? Huyo Modulatrix wa Usambara anaitwaje? Kimyaaa.

Mwongoza Watalii, Arusha

Niwape la kwangu. Kazini huwa nina kadi za wanyama, nimezipiga lamination, picha juu, chini Kiswahili, Kiingereza na jina la kitaalamu. Mwaka jana nilikuwa na familia ya Waafrika Kusini weusi, baba, mama na binti wa kama miaka kumi na miwili. Tukasimama kwenye kundi la nyati, nikamkabidhi binti kadi. Akaanza kusoma kwa sauti: Syncerus caffer caffer. Maana nyati wetu wa nyikani analo mara mbili, la spishi na la nususpishi. Baba yake akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba juu ya yale maneno mawili, akamwambia, "soma la Kiswahili." Hakunikasirikia. Mimi ndiye niliyebaki natazama usukani, sikujua niseme nini, mpaka nyati wakahama wenyewe.

Kwa hiyo suala si la ndege mmoja wa kwenye protea. Tunaye nyati, na ndege teleka mwenye kiuno cheupe, Apus caffer. Kurumbiza wa milimani kule Kenya naye vitabu vingi vinamwita Cossypha caffra. Mwalimu anasema ni lebo tu. Lebo inasomwa na mtu.

Mwl. Baiolojia

Hapo sina jibu la kanuni. Nikiri pia kwamba tume ina mamlaka ya kulifuta jina au kuliwekea lingine, imeshafanya hivyo mara nyingi kulinda uthabiti. Isipotaka, ni kwamba haijataka.

Lakini nikupeni tatizo la kiufundi. Tuseme tumefuata njia ya mimea, tukatoa herufi. Promerops afer, safi, ni wa Afrika kweli. Syncerus affer, safi. Sasa yule shore wa India anakuwa Pycnonotus afer. Yaani tumemwondolea tusi, tumemwachia uongo, tena sasa unasomeka waziwazi zaidi.

Mpwani wa Tanga

Huyo abaki na uongo wake, amekaa nao tangu 1766 na haujamnyima usingizi mtu. Uongo wa ramani na tusi la mtu havilingani uzito, Mwalimu. Hao wengine wapigiwe kura kama walivyofanya Madrid.

Mwongoza Watalii, Arusha

Kadi zangu zimechakaa, fundi wa stesheneri ananichapia mpya Ijumaa. Chini ya nyati niandike nini?

Mwl. Baiolojia

Syncerus caffer. Moja tu inatosha, la nususpishi si lazima.

Mwongoza Watalii, Arusha

Nitaanza na "nyati", kwa herufi kubwa. Hilo lingine litakaa chini kabisa, saizi nane.