Mrejesho: Yule wa kurudi kukagua mtungi wa gesi

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza kama huu ni ugonjwa au tabia tu: kila nikitoka nyumbani narudi mara saba, nane, kukagua mtungi wa gesi, hadi nachelewa kazini. Wengi mlinisihi nikamuone daktari wa akili. Nilienda.

Ni OCD, yaani ugonjwa wa mawazo ya hofu yanayojirudia na kukulazimisha kurudia jambo lile lile, na sonona ilikuwa imeshaingia juu yake. Nilianzishiwa dawa iitwayo fluoksetini, miligramu 20, baadaye ikaongezwa. Wiki mbili za mwanzo nusura niache: kichefuchefu, wasiwasi ukapanda. Ila daktari alishanionya kwamba kwa OCD dawa huweza kuchukua wiki 8 hadi 12.

Kilichonivusha zaidi ni mazoezi na mwanasaikolojia. Nafunga gesi mara moja, natoka, sirudi. Siku ya kwanza nilisimama getini, nimeubana ufunguo mpaka ukaniachia alama kiganjani. Baada ya kama dakika arobaini hofu ikashuka yenyewe. Mke wangu naye aliambiwa asinijibu nikimpigia kuuliza "gesi umefunga?" Nadhani hilo lilimuuma yeye kuliko mimi.

Sijapona kabisa, juzi nilirudi mara moja. Lakini usingizi upo, na dozi siachi mpaka daktari aseme. Dada uliyeniambia nawe ulipitia haya, Mungu akubariki sana.