Nyumba ya Babu, Lang'ata

Salim: Asalamu aleikum jamaa. Nimetoka kwa Nyanya sasa hivi. Mlango wa jikoni haufungi tena, na ule ufa kando ya dirisha umepanuka, kidole kinaingia. Picha hizo hapo juu.

Shangazi Rukia: Waaleikum salaam. Ya Rabi! Nyanya mwenyewe yu salama?

Salim: Salama, Shangazi. Amehamia chumba cha mbele. Anasema kwa mtu haendi.

Baba Mdogo: Nimesema tangu mwaka jana. Nyumba imechoka. Tubomoe tujenge ya mawe, vyumba vitatu, yaishe. Mbao za enzi ya reli tutazishikilia mpaka lini?

Zuhura: Shikamoo Baba Mdogo. Naomba tusikimbilie kubomoa. Jumamosi nilipita na bisibisi nikadunga mbao zote za chini. Iliyooza ni ile boriti ya chini upande wa jikoni, pamoja na miguu ya nguzo za mbao zinazoikalia. Ukipanda juu kidogo ni mtarakwa mtupu, bisibisi haiingii. Paa limenyooka. Mbao hazijatuangusha, ni ardhi.

Baba Mdogo: Marahaba. Ardhi si ni ile ile aliyojengea Babu?

Zuhura: Ni ile ile, lakini haitulii. Huo ni udongo mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha Machi hadi Mei unavimba, kiangazi unanywea na kupasuka. Nyumba nzima ingepanda na kushuka pamoja isingeumia. Sasa gata ya nyuma ilianguka, maji ya nusu ya paa yanamwagika kwenye nguzo za jikoni, na ya karo yanaishia hapo hapo. Upande wa pili mikaratusi inafyonza. Huku kumelowa, kule kumekauka.

Na tukijenga ya mawe juu ya udongo huo bila kuchimba mpaka kwenye maram, ule udongo mgumu wa changarawe, au mwamba, itapasuka vibaya zaidi. Mbao hupinda. Jiwe halipindi.

Mjomba Hamisi: Mwanangu amesema kweli. Pita mtaa wa South C uangalie kuta za ua zilivyofanya nyufa.

Salim: Basi tukate mikaratusi leo leo?

Zuhura: Hapana Salim, usiiguse! Ukiikata ghafla, udongo uliokuwa umekaushwa na mizizi utarudisha maji na kuvimba, upande huo nao uanze kunyanyuka. Tutaipunguza matawi kwanza, pole pole.

Shangazi Rukia: Kuna fundi mtaani aliniambia atamwaga zege kuzunguka miguu yote ya nguzo, kazi ya siku moja.

Mjomba Hamisi: Rukia dada yangu, huyo usimruhusu kabisa. Mbao ikizikwa kwenye zege, maji yanaingia kwenye ule mwanya mdogo na hayana pa kutokea. Inaoza bila wewe kuona. Halafu mchwa wanapata njia ya siri. Babu aliweka kofia za bati juu ya kila nguzo ya mawe kwa sababu hiyo: mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake nje, unaiona, unaibomoa. Kofia za upande wa jikoni zimeliwa na kutu. Tutazitengeneza upya.

Baba Mdogo: Sasa utabadilishaje boriti ya chini na nyumba imeikalia?

Mjomba Hamisi: Tunainyanyua. Tunapitisha boriti za muda chini ya sakafu, tunapanga vipande vya mbao ngumu, safu moja imelala hivi na nyingine imekata juu yake, kisha jeki. Unapandisha milimita chache, unaacha nyumba ipumzike, unasikiliza. Mbao iliyozoea kuinama miaka mingi haitaki kunyooshwa kwa siku moja. Ukiilazimisha, maungio yanang'oka na mbao za ukutani zinapasuka. Vioo tutavitoa mapema. Na si lazima irudi sawasawa kabisa na pimamaji. Milango ikifunga na uzito ukishuka vizuri, inatosha.

Zile sehemu zilizooza nitazikata mshazari na kuunga mtarakwa mpya kwa bolti. Kilicho kizima kinabaki. Kazi ya mkono wa Babu hiyo, sitaitupa.

Zuhura: Mjomba, tusisahau chimni. Ni ya matofali, ina msingi wake peke yake na imeshuka kivyake. Pale inapokutana na mbao lazima tuachanishe kabla ya jeki kuguswa, tusije tukaivunja. Umeme na paipu za maji pia zikatwe.

Halafu nguzo mpya za mawe chini ya nyumba: tunachimba shimo moja, tunashuka mpaka penye ugumu, tunajenga, ndipo tunahamia lingine lisilo jirani yake. Tukifungua mashimo yote kwa pamoja hakuna kitakachoishikilia. Na hii si kazi ya kupaka rangi, mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa tuupeleke kaunti.

Shangazi Rukia: Pesa je? Mimi mwezi huu nina ada ya shule.

Zuhura: Tuanze na ya bei nafuu, Shangazi. Gata mpya, na mtaro wa kupeleka maji mbali na nyumba. Hayo yaishe kabla ya mvua za Oktoba. Jeki zije Januari, ardhi ikishakauka. Salim atabandika vipande vya kioo juu ya nyufa na kuandika tarehe, kikivunjika tujue bado inatembea.

Baba Mdogo: Sijabadilisha mawazo yote. Lakini mama yangu hataki kutoka pale, na sitaki kumtoa kwa nguvu. Gata nitanunua mimi.

Shangazi Rukia: Allah akuzidishie, kaka.

Mjomba Hamisi: Chagua ile pana, mvua ya Oktoba huja kwa kishindo.

Baba Mdogo: Sawa. Salim, nipimie urefu wa paa la nyuma kesho asubuhi, unitumie kabla sijaenda Gikomba. Na kule karakana kuna jeki mbili za lori, mwambie Mjomba azikague kama zinafaa.

Salim: Sawa Baba Mdogo. Futi au mita?

Baba Mdogo: Futi.