Banda la jirani lina taifodi ya kuku, tunatenganishwa na mabanzi tu. Nifanyeje?

Mama Trei: Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya, nina kuku wa mayai 400. Jirani yangu tangu Jumatatu anazika kuku tu, jana saba. Wanajikunyata, upanga wa kichwani umepauka, wanaharisha njano iliyochanganyika na kijani. Alimpasua mmoja mbele yangu: ini limevimba, rangi kama shaba. Afisa mifugo anasema taifodi. Wangu wazima bado. Nimeziba upande ule kwa turubai, upepo usilete. Inatosha?

Mzee wa Maranda: Pole dada. Turubai liache hapohapo, ila huyo salmonela, bakteria wa taifodi, hutembea na kinyesi zaidi: buti, nzi, shomoro, na panya ndio usiseme. Nikuulize, mayai anakununulia nani? Mbolea je?

Mama Trei: Hapo umenishika. Mchuuzi ni mmoja, anaanzia kwa jirani ndipo anakuja kwangu na trei zake. Na kijana wa mbolea ya viazi Jumamosi alizoa kwetu sote. Viroba vilevile, beleshi lilelile.

Kuku Mafinga: Mimi trei ndizo zilinimaliza. Za karatasi haziosheki, choma. Za plastiki sugua kwa sabuni kwanza, dawa baadaye. Na ile karai ya dawa ya kukanyagia mlangoni ikishajaa matope ni pambo tu.

Daktari Mstaafu: Kideri ni kirusi, taifodi ni bakteria, kwa hiyo msitegemee chanjo yake hapa. Ya taifodi ipo, muulize afisa mifugo kama kundi lako linafaa kuchanjwa sasa. Antibiotiki usiwape wazima kwa kubahatisha, dawa inaingia kwenye mayai. Akifa mmoja, peleka mzoga mbichi maabara ya mifugo ya serikali (TVLA) Iringa. Kuku aliyepona bado anabeba vimelea na anavipitisha hadi kwenye yai, kwa hiyo jirani akikuuzia waliopona kwa bei ya kutupa, kataa.

Mama Trei: Ndaga sana. Mchuuzi nimeshampigia, mayai nitampelekea barabarani kwa trei zangu. Shida mke wa jirani. Nikienda sokoni yeye ndiye huniokotea mayai, na hataki hata shilingi. Namwambiaje?

Mzee wa Maranda: Kesho anaokota nani?

Mama Trei: Yeye. Funguo anazo.

Mzee wa Maranda: Basi vaa kanga, nenda sasa hivi. Simama uani, bandani kwao usiingie.