Nimepigwa tochi, kosa silikubali: nilipe 30,000 au niende mahakamani?

Mkazi wa Mbezi
Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, hasa wanasheria na madereva wa njia ndefu.

Juzi natoka Dodoma kurudi Dar na gari dogo, nikasimamishwa na kuambiwa nimepigwa tochi (kifaa cha polisi cha kupima mwendo) nikiwa na 71 kwa saa kwenye eneo la 50. Askari aliyenisimamisha siye aliyepiga. Mwenzake yuko nyuma huko, kamtumia picha kwa WhatsApp. Nikaomba niione. Namba ya gari inasomeka vizuri na mwendo umeandikwa, lakini pembeni ni majani matupu: hakuna nyumba, hakuna kibao, hakuna cha kuonyesha ni wapi. Mimi makazi nilishayamaliza ndipo nikakanyaga mafuta. Nguzo ya kibao cha kumaliza 50 ipo, kibao chenyewe hakipo.

Nimeandikiwa 30,000. Sijalipa wala sijasaini kukubali kosa. Hela ipo, ila kulipia kosa ambalo sikulifanya kunaniuma. Nikienda mahakamani nina nafasi?

Lori la Tunduma
Pole mkuu. Lipa uendelee na maisha. Kesi itafunguliwa huko huko kosa linakodaiwa kutokea, siyo Dar. Siku ya kwanza unasomewa shitaka, unakana, inaahirishwa. Unapanda basi tena, unalala gesti tena. Shahidi asipotokea, inaahirishwa tena.

Wakili wa Kata
Lori kasema kweli kuhusu gharama, ila mtoa mada aelewe anachokubali. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kinakupa njia mbili: kukiri na kulipa, au kupelekwa mahakamani. Kulipa ni kukiri. Ukishalipa, malalamiko ya kesho hayana pa kwenda.

Ukikana, mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, tena bila kuacha shaka. Hoja ya kibao peke yake usiiegemee sana. Kibao cha kuanza 50 ulikipita, kwa hiyo mwendesha mashtaka atasema 50 ilikuwa bado inaendelea. Nguvu yako iko kwenye picha. Aliyekusimamisha hakuona gari lako likikimbia, aliona simu. Anayepaswa kupanda kizimbani ni aliyeshika tochi, na huyo umhoji: alisimama wapi? Tochi ilihakikiwa lini? Picha ilitokaje kwenye tochi ikafika WhatsApp? Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime kama ushahidi wa aina hiyo ulitengenezwa, ukatunzwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika.

Lakini ukitiwa hatiani, hakimu hafungwi na ile 30,000. Anaweza kukupa zaidi. Hilo lijue kabla hujaondoka nyumbani.

Mama Noela
Kaka yangu, kabla ya mahakama nenda kwa DTO, mkuu wa trafiki wa wilaya hiyo, na uende na barua, siyo mdomo mtupu. Mume wangu aliwahi kukuta deni la faini la gari lisilo lake, namba zinafanana kasoro herufi moja. Alipeleka kadi ya gari, wakakagua, likafutwa. Nenda kwa heshima lakini usimamie unachokijua.

Mkazi wa Mbezi
Asanteni sana. Wakili, ile nguzo isiyo na kibao haina faida kabisa?

Wakili wa Kata
Ina faida ukiifanyia kazi. Ile ni barabara kuu, kwa hiyo mwandikie meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa barabara kuu, umuulize kibao cha kumaliza 50 kinatakiwa kuwa wapi na kama kipo. Ukipata jibu lenye muhuri linalosema kinatakiwa kwenye nguzo ile, na aliyeshika tochi akakiri alikupiga ukiwa umeshaipita, hapo hoja yako ina miguu. Piga picha za nguzo sasa hivi, kwa mbali na kwa karibu, nyumba ya mwisho ionekane. Kibao kikirudishwa wiki ijayo huna cha kuonyesha.

Lori la Tunduma
Kwa hili nakubali. Mimi napita hapo Alhamisi, kama umekwama nitumie eneo nikupigie picha.

Mkazi wa Mbezi
Nitashukuru mno kaka, nakutumia eneo inbox. Barua ya DTO naiandika leo usiku.

Mama Noela
Na deni uwe unaliangalia kwenye TMS, ule mfumo wa polisi wa mtandaoni wa faini za barabarani. Likichelewa linaongezewa adhabu, kwa hiyo kwenye barua andika wazi kwamba unakana kosa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.